Msumari Saba: Mkeka wa Jumamosi Tarehe 15 Februari

KITUO CHA POLISI, HEDSJÖ
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Solveig Åkermo
Umri: Miaka 73
Kazi: Mwalimu mstaafu wa hisabati
Makazi: Björkvallen, nyumba ya manjano nyuma ya kanisa
Tarehe na saa: Alhamisi, 27 Februari 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi
Mbele ya: Inspekta Joakim Wedin
Kuhusu: Malalamiko ya Rolf Tjärnlund dhidi ya Mirjam Östling

Kosa wanalofanya watu wengi katika mbio za farasi ni kuuliza farasi gani atashinda. Swali hilo halimsaidii mtu. Swali la kujiuliza ni katika mbio ipi ninajua kitu, na katika ipi sijui. Pale unapojua unaweka farasi mmoja, na pale usipojua unaweka wengi. Ninalisema hili mapema kwa sababu Rolf Tjärnlund amelifanya kosa hilohilo katika malalamiko yake. Ameuliza nani aliyeshinda, akamkuta Mirjam, na hapo akaacha kuuliza. Mimi nimekuja kueleza kilichotokea, na kilichotokea kilianzia kwangu.

Afisa amesema yeye ni mtu wa mpira wa magongo na hajawahi kubeti farasi. Ameomba nieleze kila kitu tangu mwanzo. Ninaeleza.

Sisi ni watu wanane wa Björkvallen ambao tangu mwaka 2006 tunabeti pamoja kila Jumamosi katika mchezo wa mbio saba. Farasi wetu hapandwi mgongoni. Hukokota kigari cha magurudumu mawili, dereva amekaa nyuma ya mkia, na farasi akienda shoti, yaani akianza kurukaruka badala ya kutupa miguu kwa zamu, anaondolewa hata kama anaongoza. Ili kupata ushindi wote ni lazima uwe na mshindi wa kila mbio katika zote saba. Ukipata sita unapewa kitu cha kununulia kahawa na kujisikia vibaya.

Kazi yangu katika kundi ni kupanga mkeka. Kazi ya Rolf, ambaye alikuwa dereva wa lori la magogo na sasa amestaafu, ni kukusanya michango na kuichukua tiketi. Mirjam Östling si mmoja wetu. Ana miaka arobaini na mmoja na anafanya kazi katika duka la chakula la kijiji, kwenye dirisha linaloshughulikia vifurushi vya posta na kubeti. Yeye ndiye huingiza mkeka wetu kwenye mashine.

Mkeka ni karatasi yenye mistari saba, mstari mmoja kwa kila mbio. Ukiweka farasi watatu katika mbio ya kwanza na wanne katika ya pili, tayari una michanganyiko kumi na miwili, na unaendelea kuzidisha hadi mstari wa saba. Mkeka unakua kwa kuzidisha, haukui kwa kujumlisha. Nimelisema hili darasani na nje ya darasa kwa miaka thelathini na minne, na bado watu hunijia wakisema, "Solveig, tuongeze farasi mmoja tu, kuna ubaya gani?" Ubaya ni kwamba huyo mmoja anazidisha wote.

Mbio ambayo umeweka farasi mmoja peke yake tunaiita msumari. Umepigilia, hakuna kurudi nyuma. Kwa simu nilimwambia Mirjam "msumari saba", lakini afisa alipoandika mara ya kwanza aliandika kwamba nilimwambia alete "misumari saba", akaniuliza kama ilikuwa ya mbao au ya zege. Nimemwomba afute. Lakini naomba ibaki kwenye kumbukumbu kwamba hata afisa wa polisi, ameketi mbele yangu, bila kelele na bila foleni, ameyasikia maneno hayo mawili vibaya.

Mnamo tarehe 14 Februari 2025, siku ya Ijumaa, niliketi mezani kwangu kuanzia saa tatu asubuhi na gazeti la mbio. Sitaeleza mbio zote. Zenye maana hapa ni mbili, ya tano na ya saba.

Mbio ya tano ilikuwa ile ambayo farasi waliokwisha kushinda sana huanza mita ishirini nyuma ya wenzao, ili wote wawe na nafasi. Farasi namba saba, Kvick Batong, alikuwa bora kuliko wote, lakini alikuwa nyuma kwa hizo mita ishirini, na theluji iliyokuwa imenyesha wiki nzima hufanya njia kuwa nzito kwa anayekimbiza. Farasi namba mbili, Tallåsens Frid, alikuwa mbele, mwepesi wa kuondoka, na dereva wake hupenda kuongoza. Nikikadiria mita ishirini kwa njia nzito, wawili hao walitoka sawasawa. Nilijua mmoja wao atashinda. Sikujua yupi. Kwa hiyo niliwaweka wote wawili.

Mbio ya saba walianza nyuma ya gari lenye mabawa linalowaongoza hadi mahali pa kuanzia, wote mstari mmoja, hakuna aliyebaki nyuma. Hapo nilikuwa na farasi namba nne, Herr Lingon. Ijumaa ile ilitangazwa kwamba atakimbia bila viatu vya chuma kwa mara ya kwanza, miguu yote minne, na kwa farasi mzito kama yeye huko ni kuokoa sekunde nzima. Niliona atashinda. Hata hivyo niliwaongeza namba moja na namba tisa, kwa woga.

Mkeka wangu ulikuwa hivi: farasi watatu, wanne, mmoja, watano, wawili, wawili, watatu. Zidisha. Ni michanganyiko mia saba na ishirini.

Jumamosi tarehe 15 Februari, saa tatu na nusu asubuhi, nilimpelekea Mirjam karatasi dukani. Aliisoma akiwa amesimama, penseli nyuma ya sikio.

Akasema, "Mwalimu, ya nne umeweka watano. Huijui?"

Nikamwambia, "Siijui hata kidogo."

"Basi mimi nitaweka wawili. Mfuko wangu haufiki kwenye watano."

"Utakosa."

"Nikikosa, nitakosa pamoja na watu wenye akili."

Hapa ninafika kwenye jambo ambalo wenzangu hawakulijua. Tangu mwaka 2016 nimemruhusu Mirjam kuchukua mkeka wangu, kuupunguza, na kujibetia mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi wangu, na hakuwa mzuri. Hesabu za kuzidisha zilimliza darasani. Miaka mingi baadaye alisimama kwenye dirisha lile akaniambia kwamba sasa anaelewa, kwa sababu ya mikeka yangu, na akaniuliza kama anaweza kuifuata. Nilimwambia aifuate. Sikuwaambia wenzangu kwa sababu Rolf angeitisha kikao, na vikao vya Rolf havina mwisho. Ilikuwa uvivu wangu. Hakukuwa na siri nyingine.

Mirjam aliingiza mkeka wake mdogo saa sita na dakika kumi na moja mchana. Saa hiyo imechapwa kwenye tiketi yake na afisa anaweza kuisoma. Katika mbio ya tano alikuwa na farasi wote wawili, namba mbili na namba saba, kama nilivyoandika mimi.

Saa saba na robo mchana Rolf alinipigia simu. Alisema watu watano kati yetu wamekwenda milimani kuteleza kwenye theluji kwa likizo na hawatachangia wiki hii. Tumebaki watatu, yeye, mimi na Majken Frisk.

Akasema, "Kata mkeka. Ubaki theluthi moja."

Nikamwambia, "Rolf, mkeka si soseji."

Akasema, "Wewe ndiye mwalimu. Mimi nilikuwa naendesha lori."

Njia ya kubakiza theluthi moja bila kuharibu mengine ilikuwa moja tu, kuondoa woga wangu katika mbio ya saba. Nikimwacha Herr Lingon peke yake pale, watatu wanakuwa mmoja, na mia saba na ishirini inakuwa mia mbili na arobaini. Ilikuwa safi kabisa. Nakiri nilijisikia vizuri.

Saa saba na dakika arobaini nilipiga simu ya dukani. Mirjam alipokea. Nyuma yake nilisikia mtu analalamika kuhusu kifurushi.

Nikasema, "Mirjam, piga msumari saba."

Akasema, "Msumari saba. Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Haya Mwalimu, acha nimpe huyu bwana viatu vyake kabla hajalia."

Simu ilichukua sekunde kumi na tisa. Afisa ameiona kwenye simu yangu.

Mimi ninaposema saba, bila neno lingine, ninamaanisha mbio ya saba. Ninahesabu mikeka kwa mistari yake, na mstari wa saba ni saba. Lakini wateja wa dirisha lile, kuanzia asubuhi hadi jioni, wanaposema saba wanamaanisha farasi mwenye namba saba mgongoni. Kwenye karatasi yangu farasi namba saba alikuwa mahali pamoja tu, mbio ya tano. Mirjam alifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya akiwa na karatasi ile mkononi na foleni mbele yake. Alimfuta namba mbili katika mbio ya tano, akampigilia msumari namba saba. Mbio ya saba hakuigusa. Ilibaki na farasi wake watatu.

Naomba afisa aandike jambo linalofuata bila kulilainisha. Saa saba na dakika arobaini na saba Mirjam alinitumia ujumbe. Unasomeka hivi: "Imebaki 360. Sawa?"

Mia tatu na sitini. Mimi nilitaka mia mbili na arobaini. Msumari katika mbio ya tano unagawa kwa mbili, msumari katika mbio ya saba unagawa kwa tatu. Mtoto wa darasa la nne angeona kwamba mia tatu na sitini ni nusu ya mia saba na ishirini, kwa hiyo umegusa mstari wenye farasi wawili, kwa hiyo umegusa mstari usio wenyewe. Mirjam hakuwa na uhakika, akaniuliza. Alifanya kile nilichomfundisha, alizidisha kisha akaomba kuthibitishiwa.

Mimi nilikuwa nakanda unga wa mikate ya krimu. Vidole vyangu vilikuwa na siagi. Nikasoma neno la mwisho, nikajibu kwa kifundo cha kidole: "Sawa." Sikuzidisha.

Saa tisa na nusu alasiri Rolf alichukua tiketi dukani. Hakuisoma. Kundi letu lina desturi kwamba tiketi haisomwi kabla ya mbio ya mwisho. Hukunjwa na kuwekwa ndani ya kofia ya Rolf, na kofia huwekwa juu ya jokofu. Ilianza mwaka 2011, Rolf alipoisoma tiketi mapema na farasi wetu akaenda shoti hatua kumi kabla ya kumaliza. Nimejaribu kumweleza kwamba farasi hajui kusoma. Amenijibu kwamba mimi pia sijui mambo yote.

Mbio zilianza saa kumi na dakika ishirini jioni. Tulitazama jikoni kwa Rolf, yeye, mimi na Majken, ambaye macho yake hayaoni vizuri na hutaka asimuliwe. Mbio nne za kwanza zilikwenda kwetu. Katika ya tano Tallåsens Frid aliondoka mbele kama nilivyotarajia. Kvick Batong alitoka nyuma mita zake ishirini, akalazimika kukimbia ubavuni mwa kiongozi bila mtu wa kumkingia upepo. Mahali hapo tunapaita kifoni, na pana jina hilo kwa sababu nzuri. Alishindwa kwa urefu wa pua.

Majken akauliza, "Nani? Nani?"

Rolf akasema, "Mbili. Tulia mama, tunao wote wawili."

Mbio ya sita ilikwenda kwetu. Ya saba Herr Lingon alishinda kwa urefu wa lori, na hilo ndilo neno la Rolf. Tulishikana mikono. Majken alilia kidogo. Rolf alishusha kofia, akakunjua tiketi, akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Akasema, "Solveig. Ya tano kuna mmoja."

Nikasema, "Mmoja wapi?"

"Saba peke yake."

Majken akasema, "Labda umechukua ya mtu mwingine."

Nilimwomba anipe nione. Aliitia mfukoni akasema, "Hii sasa ni ya polisi." Sikuiona tena kwa siku kumi.

Afisa ameniuliza kama jioni ile nilijua. Nilihisi. Nilikumbuka maneno yangu ya kwenye simu, na yalinisumbua. Nilijiambia kwamba Mirjam angekuwa na shaka angeuliza. Ule ujumbe nilikuwa nimeusahau. Mtu anayejibu bila kusoma hana cha kukumbuka.

Jumatatu tarehe 17 Februari, saa nne asubuhi, nilikuwa dukani nikinunua maziwa. Mirjam alikuwa ameleta keki kwa wafanyakazi wenzake, kwa sababu mkeka wake mdogo ulikuwa umepata zote saba. Hakuficha. Ameishi kijijini hapa maisha yake yote, na mtu aliyeiba haleti keki. Rolf aliingia, akasimama mbele ya dirisha.

Akasema, "Hongera."

"Ahsante, Rolf."

"Keki ni ya farasi wetu?"

"Ni ya jibini, ina stroberi. Chukua kipande."

"Ninauliza farasi namba mbili alitokaje kwenye tiketi yetu akaingia kwenye yako."

Mirjam akasema, "Mwalimu aliniambia nimtoe." Kisha akanitazama mimi. Kulikuwa na watu sita dukani. Akasema, "Mwalimu, waambie."

Alikuwa ananiomba mambo mawili. Niseme kwamba nilimpigia simu, na niseme kwamba mkeka wangu anao kwa ruhusa yangu. Yote mawili ningeweza kuyasema kwa pumzi moja.

Nilisema, "Rolf, punguza sauti."

Hilo tu ndilo nililosema. Nililipia maziwa nikatoka.

Jumanne tarehe 18 Februari Rolf alikuja hapa kituoni akalalamika kwamba Mirjam alibadilisha tiketi yetu ili abaki na ushindi peke yake. Kampuni inayoendesha mchezo ilifunga namba yake ya kuingilia kwenye mashine hadi polisi waseme neno. Bila namba hiyo hawezi kukaa dirishani. Mwenye duka alimwambia abaki nyumbani. Amempa hadi kesho, Ijumaa tarehe 28, na kama hakuna neno kutoka polisi atampa mtu mwingine dirisha. Dukani hakuna kazi nyingine ya kumpa. Katika Björkvallen hakuna duka lingine. Jirani yake ameniambia kwamba Mirjam sasa hutoa takataka kabla hakujapambazuka ili asikutane na mtu.

Juzi, Jumanne tarehe 25, nilikwenda kwa Rolf saa nane mchana kumwambia habari ya ruhusa. Nilikuwa nimechelewa siku nane na nilijua. Ili kunionyesha kwamba ninamtetea mwizi, aliweka nakala ya tiketi mezani. Pale chini kulikuwa na idadi ya michanganyiko. 360. Niliitazama ile namba, na safari hii nikazidisha. Nilifungua simu yangu palepale, nikaukuta ujumbe wa Mirjam, na chini yake neno langu.

Nilimweleza Rolf. Mazungumzo yalikwenda hivi, na nayatoa kama yalivyokuwa kwa sababu afisa amesema Rolf atahojiwa tena.

Nikasema, "Nilimwambia msumari saba. Nilimaanisha mbio ya saba."

Rolf akasema, "Msumari saba ni farasi namba saba. Kila mtu anajua."

"Sasa kama kila mtu anajua, amekosea nini?"

Akasema, "Unamtetea kwa sababu alikuwa mwanafunzi wako."

"Alikuwa mwanafunzi wangu mbaya kuliko wote, Rolf. Tazama saa. Tiketi yake ni ya saa sita na dakika kumi na moja. Simu yangu ni ya saa saba na dakika arobaini. Aliwekaje mtego kwa maneno ambayo sikuwa nimeyasema bado?"

"Watu wa mashine wanaweza kubadilisha saa."

"Na ujumbe kwenye simu yangu? Nao ameubadilisha?"

"Kwa hiyo kosa ni lako."

"Ndiyo."

"Wewe hukosei hesabu, Solveig."

"Nimekosea."

"Basi kwa nini keki anayo yeye?"

Nilichora mkeka wote kwenye bahasha, mstari kwa mstari, nikamwonyesha kwamba kama Mirjam angetaka kutuibia asingenitumia idadi. Alisikiliza. Akaniuliza kama nataka kahawa.

Jana, Jumatano, nilirudi asubuhi na nikapiga simu jioni. Ni mara tatu sasa. Asubuhi alisema atafikiri. Jioni alisema, "Nikiondoa malalamiko nitaonekana mjinga." Nikamwambia kwamba kuna mtu anayeonekana mwizi. Akasema anajua, sauti yake ikashuka, akakata simu. Rolf si mtu mbaya. Alibeba jeneza la mume wangu. Lakini amesimama mahali pabaya na anaona haya kusogea, na wakati anaona haya, kesho inafika.

Ndiyo maana leo nilipanda basi la saa mbili asubuhi bila kumwambia mtu. Sikuletwa wala sikuahidiwa kitu. Nimempa afisa simu yangu apige picha ujumbe na orodha ya simu. Nimempa karatasi ya awali yenye mwandiko wangu na ile bahasha.

Afisa ameniuliza kama Mirjam angeweza kujua kwamba kumwondoa namba mbili kungetunyima ushindi. Hapana. Saa saba na dakika arobaini mchana farasi hao walikuwa bado wanakula majani. Hakuna anayejua farasi gani atashinda. Nimesema hivyo mwanzoni.

Ameniuliza pia kama ninataka kuongeza jambo. Ninataka. Nimeambiwa kwamba kituo kitaandika barua kwenda kwa kampuni na nakala kwa mwenye duka, na kwamba barua huchukua siku tatu au nne. Kesho ni Ijumaa. Mtu aliyeuliza "Sawa?" alijibiwa ovyo mara ya kwanza, na ninaomba sana asijibiwe kwa kuchelewa mara ya pili. Nikitoka hapa nitapanda basi nishuke kituo cha shule, niende nyumbani kwake nikamwambie mwenyewe niliyoyasema hapa. Hata asiponifungulia nitasema mlangoni.

Niliyokuwa nayo nimeyasema yote, na ni ya kweli kwa kadiri ninavyojua. Nimesomewa maelezo haya kwa sauti, nimesahihisha mahali pawili, penye misumari na penye mia tatu na sitini, kisha nikatia sahihi kwa hiari yangu.

(Sahihi) Solveig Åkermo

MAELEZO YA AFISA

Maelezo yamechukuliwa kwa saa moja na dakika hamsini. Shahidi alikuwa mtulivu, isipokuwa alipofika kwenye maneno "punguza sauti" aliomba maji. Nimelinganisha saa za tiketi zote mbili, orodha ya simu na ujumbe. Vinakubaliana na maelezo yake. Nimezidisha mwenyewe kwenye karatasi: 720, 240, 360. Ni sahihi.

Saa sita na dakika ishirini mchana nilimpigia simu mlalamikaji, Rolf Tjärnlund, nikamsomea saa hizo. Akauliza, "Je, Solveig amelia?" Nilimjibu kwamba hilo si swali la polisi. Alisema hapingi tena, lakini haji kutia sahihi leo kwa sababu gari lake lina barafu. Sahihi yake haihitajiki ili kufunga shauri. Sioni kosa la jinai. Nimelipeleka shauri kwa mwendesha mashtaka, amekubali kwa simu saa saba kamili, na kampuni imearifiwa.

Kwa zamu ya mchana: barua isisubiriwe. Mpigie simu mwenye duka la Björkvallen leo.

(Sahihi) J. Wedin, Inspekta